Ukiwatuma wanafunzi kuhamasisha kuhusu malaria, waanze kwa kuuliza

Kila Aprili 25, Siku ya Malaria Duniani, shule nyingi hutoa wanafunzi barabarani. Kunakuwa na maandamano, ngonjera, mabango ya maandishi mekundu kwamba malaria inaua, na mgeni rasmi anayechelewa. Sina ugomvi na sherehe. Wanafunzi huzifurahia, nami pia. Ila kwa miaka yote niliyokuwa mwalimu mlezi wa klabu ya afya, sijakutana na mtu mzima aliyebadili namna anavyolala kwa kuwa bango limemwambia malaria inaua. Hilo analijua. Wengine wamelijua kwa kuzika. Asichokuwa nacho ni jawabu la kero ndogo inayofanya chandarua chake kibaki kwenye mfuko, na mtu anayeweza kuigundua kero hiyo ni mwanafunzi anayelala nyumba hiyohiyo.

Kwa hiyo, kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa igizo, kila mwanafunzi aanzie kwao. Aangalie nani analala wapi, chini ya chandarua kipi, na kama hakuna, aulize kwa nini. Kisha klabu ikae, kila mmoja aseme alichokikuta bila kutaja nyumba. Mtashangaa jinsi sababu zinavyofanana. Joto. Kipya kiliwasha ngozi usiku wa kwanza kikarudishwa mfukoni. Watoto wanalala chini sebuleni na hakuna pa kukifunga. Kimechanika. Kimewekewa wageni. Siku hizi mbu hawasikiki.

Hizo ndizo mada zenu. Karibu kila moja ina jibu ambalo mwanafunzi anaweza kulionyesha kwa mikono yake. Kinachowasha ni dawa iliyo kwenye nyuzi: chandarua kipya kikitolewa mfukoni kinatakiwa kuanikwa kivulini kwa saa 24 kabla ya kukilalia, lakini wengi hukifungua jioni na kukitumia usiku uleule. Kufua ni kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha nguo, na kuanika ni kivulini kwa sababu jua kali huiharibu dawa. Maji yaliyofulia yasimwagwe mtoni wala bwawani, maana dawa hiyo huua samaki. Tundu hushonwa kwa sindano na uzi, jambo dogo ambalo hakuna anayelifanya mpaka aone mtu akilifanya. Na kwa wanaolala sebuleni, kamba nne zilizoachwa ukutani zinatosha: chandarua hufungwa usiku na kukunjwa asubuhi pamoja na matandiko. Klabu yetu hulifanya zoezi hili mbele ya wazazi, na ndilo linaloulizwa maswali mengi kuliko hotuba yoyote.

Kuhusu joto, msidanganye. Chini ya chandarua hewa hupungua kweli, na kijana anayembishia baba yake kwamba hakuna joto hatasikilizwa kwa lolote jingine. Aseme kweli: joto lipo, lakini mbu anayeeneza malaria huuma zaidi kati ya machweo na alfajiri, saa zilezile unazotamani kukivua. Huo uungwana wa kukubali usumbufu wa mtu hufungua milango. Nao wanaosema mbu hawasikiki waambiwe tu kwamba mmoja anatosha.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wenyewe hulipokea kwa mshangao. Chandarua kikiwa kimoja nyumbani hupewa mama mjamzito au mtoto mchanga, na ni sawa kabisa: katika kanda ya Afrika, watoto walio chini ya miaka 5 ni takriban robo tatu ya wote wanaokufa kwa malaria. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa umri wa shule ndiye anayelala wazi. Mara nyingi mwili wake umeshapata kinga kiasi, hivyo anaweza kubeba vimelea bila hata homa, akacheza mpira kama kawaida. Mbu akimuuma huvichukua, na vikishakomaa ndani ya mbu huyo, kazi inayochukua kama siku 10 au zaidi, hupelekwa kwa mdogo wake. Mwanafunzi akilielewa hili huacha kusema "jamii" kana kwamba yeye hayumo.

Sasa maji. Hapa nina ugomvi na mazoea ya kufyeka nyasi na kuokota makopo, kisha kupiga picha na kusema tumepambana na malaria. Usafi ni mzuri, lakini mbu hazaliwi kwenye nyasi. Mbu wa Anopheles, yule anayeeneza malaria, hasa Anopheles gambiae anayesumbua sehemu kubwa ya Afrika, hupenda maji yaliyotuama yenye kina kifupi, masafi kiasi na yanayopigwa na jua: alama za magurudumu, nyayo za ng'ombe, shimo la kufyatulia matofali. Wale wanaojaa kwenye mitaro inayonuka kwa kawaida ni Culex, aina nyingine ya mbu. Wanakera, na kwingine hueneza matende, ila malaria si yao. Watoeni wanafunzi nje na chupa angavu. Viluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Wa Culex huning'inia kichwa chini. Mtu mzima akiinama kuangalia chupa hiyo hasahau. (Funikeni mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua, na mkimaliza maji yamwagwe kwenye udongo mkavu. Kufuga mbu shuleni halikuwa lengo.)

Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili, joto likiwa kali ni upesi zaidi. Ndiyo maana kufukia madimbwi mara moja kwa mwaka hakusaidii. Ni kazi ya kila wiki, tena inafaa pale madimbwi ni machache na yanajulikana. Msimu wa mvua kubwa, kila unyayo ukiwa dimbwi, rudini kwenye vyandarua. Vilichangia kwa sehemu kubwa kuliko nyenzo nyingine zote kupungua kwa malaria barani Afrika kati ya mwaka 2000 na 2015.

Wanafunzi wasigeuke madaktari. Ujumbe wao kuhusu homa uwe mfupi: nenda ukapimwe, siku hiyohiyo au kesho yake. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Si kila homa ni malaria, na ikiwa ndiyo, dawa mseto humalizwa hata kama umepata nafuu. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu au asiyeamka vizuri hasubiri asubuhi. Basi. Akiulizwa zaidi ya hapo, mwanafunzi aseme atamuuliza mhudumu wa afya na kurudisha jibu, na kweli alirudishe.

Swali la chanjo litakuja, wajiandae. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023. Ni za watoto wadogo, na aliyechanjwa bado analala kwenye chandarua.

Yupo pia mzee atakayesema malaria huletwa na kunyeshewa. Wanafunzi hucheka, na hapo mkutano unakuwa umekwisha. Mimi huwaambia mzee huyo si mjinga. Mvua inanyesha, madimbwi yanajaa, mbu wanaongezeka, homa zinafuata. Ameona sawasawa ila ameruka hatua ya katikati. Hata madaktari waliilaumu hewa ya mabwawa mpaka daktari Mwingereza, Ronald Ross, alipoona vimelea ndani ya tumbo la mbu, mwaka 1897 huko India. Kijana akianza na "ni kweli mvua inahusika, mzee wangu", atapewa kiti.

Mambo ya mpangilio ni ya kawaida: ruhusa ya wazazi, taarifa kwa viongozi wa mtaa, wanafunzi waende wawiliwawili, warudi kabla jua halijazama. Igizo lisimcheke mtu yeyote anayeweza kutambulika.

Na msihesabu waliohudhuria. Mwezi mmoja baada ya mafunzo, wanafunzi waangalie tena kwao na kwa majirani waliokubali: vyandarua vingapi vimefungwa, vingapi vimeshonwa, vingapi bado viko mfukoni na sababu ni ipi. Yaandikwe kwenye daftari la klabu bila majina. Daftari hilo likabidhiwe kwa darasa linalofuata mapema, maana wakishaingia kwenye mitihani ya mwisho huwapati tena.