Wale heroe wa kijivu pale Sabaki

Dada, umeuliza kama wale heroe (flamingo) wa kijivu pale mto Sabaki unapoingia baharini, karibu na Malindi, ni wagonjwa. Wala si wagonjwa, ni watoto tu. Rangi ya waridi hutokana na chakula, nayo huchukua miaka 2 au 3 hivi kukolea.

Na hapo si kwao. Heroe wadogo (hilo ni jina la aina, si watoto) wa Afrika Mashariki karibu wote hutaga Ziwa Natron, Tanzania, juu ya vichuguu vya matope kwenye magadi. Malindi huja kula. Ndiyo maana ziwa moja likiharibika, hata sisi wa pwani tutawakosa.

Kuwatofautisha waliokomaa wa aina mbili, heroe mdogo na heroe mkubwa, tazama mdomo: heroe mdogo wake ni mwekundu wa kuiva sana, kwa mbali utasema mweusi, heroe mkubwa ni wa waridi, ncha tu ndiyo nyeusi. Heroe akila hukizamisha kichwa chini juu, akisukuma maji kwa ulimi na kuyachuja kwa mdomo.

Nenda maji yakiwa yamekupwa, usiwafukuze ili upate picha (vijana wa siku hizi!), na jioni jihadhari na viboko.