Sungura wa Kiingereza sio mjanja

Swali: Mhariri, kwenye insha ya Kiingereza niliandika jamaa ni mjanja kama sungura, mwalimu akachora alama ya kuuliza. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea sana, ila mjanja wa Waingereza ni mbweha, sungura kwao ni wa mbio au woga, na bundi ndo mwenye hekima, we fikiria! Halafu zile kauli za kufananisha zilizochakaa, sijui bize kama nyuki, kipofu kama popo (popo mwenyewe anaona vizuri tu), achana nazo, msomaji anazipita tu. Muangalie mnyama mwenyewe, mfano mtu anakula huku macho yake yapo mlangoni kama paka aliyeiba samaki, hapo hata usiposema ni mwizi tushamjua.