Poka ya mtandaoni na dau la saba na mbili: ni akili, ni zawadi au ni kamari?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Tangu nipoteze kazi nimekuwa nikicheza poka kwenye simu. Siku nyingi tunakuwa sita, marafiki, katika chumba chetu cha faragha. Siku nyingine nakaa kwenye meza za watu nisiowajua. Sisi sita tumewekeana dau la pembeni: atakayeshinda raundi akiwa ameshika saba na mbili, ambazo ndizo karata mbovu kuliko zote, kila mmoja anamlipa kete 5 (vipande vya mchezo tunavyovinunua kwa pesa). Nimetumiwa maelezo ya ustadhi anayesema poka si kamari kwa sababu ni mchezo wa akili, na kwamba dau hilo ni zawadi kati ya marafiki walioridhiana. Hadi sasa nilichotoa kinazidi nilichoweka. Sehemu imelipa kodi ya nyumba na dawa za mama yangu, sehemu bado iko kwenye akaunti. Mke wangu anadhani nafanya kazi za mtandaoni. Je, maelezo yale ni sahihi? Kama si sahihi, nifanye nini na pesa hizi? Na tukiondoa pesa tukacheza kwa kete za bure?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, uharamu wa kamari hauna haja ya kutolewa dalili hapa. Ungekuwa huujui usingeuliza. Kinachonisumbua ni hayo maelezo uliyotumiwa. Yamevishwa istilahi za fiqhi, yanapita simu hadi simu, na yamemkuta mtu aliyekosa kazi na ana mgonjwa nyumbani. Mtu wa hali hiyo akiambiwa "ni halali", hatafuti qauli ya pili. Kwa hiyo naanza nayo, kisha nije kwenye pesa, ambako ndiko kwenye kazi.

Ustadhi huyo anasema poka ni akili. Simbishii kwamba akili imo. Mchezaji mzuri anajua lini atupe karata, anahesabu. Kila mmoja hugawiwa karata mbili za siri, na tano hufunuliwa mezani kwa wote; anayepata tano za ua moja ana karata zenye nguvu. Akiwa na karata nne za kopa baada ya zile tatu za mwanzo kufunuliwa mezani, anajua kwamba katika karata 47 asizoziona zimebaki kopa 9, na kwamba uwezekano wa kopa kutoka katika karata mbili zijazo ni karibu asilimia 35. Akilinganisha hiyo 35 na dau analotakiwa kufuata, anaamua. Huo ni ujuzi. Lakini ujuzi wake unaishia kwenye kuamua aweke au asiweke; kopa itoke au isitoke, hilo haliko mkononi mwake, na mali ya watu imetundikwa hapo.

Na hata tungemkubalia kwamba poka ni akili tupu, hoja yake bado haisimami, na hapa ndipo ninapomlaumu, kwa sababu mtu aliyesoma mlango wa mashindano katika fiqhi hawezi kulikosa jambo hili. Kulenga mshale hakuna bahati ya kugawiwa. Ni jicho, mkono na mazoezi, tena ni ujuzi ambao sheria imeuhimiza. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amesema hapana tuzo ya mashindano ila katika ngamia, farasi au mshale, hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pamoja na ruhusa hiyo, jumhuri ya maulamaa, yaani wengi wao, walisema: wapiga mishale wawili wakitoa mali wote wawili, mshindi achukue, basi ni kamari, mpaka aingie wa tatu asiyetoa kitu ambaye naye anaweza kushinda. Kwa nini, na ujuzi ni mtupu? Kwa sababu kila mmoja anaingia akiwa hajui kama atatoka na mali ya mwenzake au mwenzake atatoka na yake. Hicho ndicho kipimo chao. Hawakuuliza akili ni asilimia ngapi.

Najua ustadhi atajibu kwamba maulamaa Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim hawakumshurutisha huyo wa tatu. Kweli, hawakumshurutisha. Lakini walisema hivyo ndani ya mashindano yaliyoruhusiwa, kwa sababu ya manufaa yake kwa dini, na aliyeongeza mashindano ya elimu aliyaongeza kwa sababu hiyo hiyo. Aoneshe basi dini imenufaika nini na meza ya poka saa nane za usiku. Wengine huleta dau la Abu Bakr (radhi za Allah ziwe juu yake) na makureshi, kwamba Warumi watashinda, zilipoteremka aya za mwanzo za Suratu Rum. Riwaya ya Tirmidhi yenyewe inasema hilo lilikuwa kabla ya dau kuharamishwa. Kuisoma nusu na kuacha nusu si uaminifu.

Sasa hilo dau lenu la pembeni. Linanishangaza kwamba aliyetetea poka kwa hoja ya akili amelitetea na hili pia, maana hili linaivunja hoja yake mwenyewe. Saba na mbili za maua tofauti ni mbovu kwa sababu zinazojulikana: haziwezi kuingia pamoja katika mfuatano wa karata tano, haziwezi kukamilisha pamoja karata tano za ua moja, na kubwa yake ni saba tu. (Wakiwa wawili tu mezani, mbili na tatu ni dhaifu zaidi, lakini nyinyi ni sita.) Akili ya poka inasema zitupe. Dau lenu linasema zishike, upandishe, uwazuge wenzako, kwani ukishinda nazo utapewa kete 25 na hao watano, pengine zaidi ya fungu lote lililoko mezani. Na nani anapata nafasi hiyo? Yule aliyegawiwa. Katika jozi 1,326 zinazoweza kutoka kwenye karata 52, saba na mbili za maua tofauti ni jozi 12 tu, yaani mara moja katika raundi 110 hivi kwa mchezaji mmoja. Kwa meza ya watu sita, ni takriban mara moja kila raundi 18. Hakuna ustadi unaoileta wala unaoizuia.

Na madhara yake hayabaki pembeni. Kila anayepandisha dau anashukiwa kuwa na saba na mbili, basi watu wanafuata madau ambayo siku nyingine wangeyaacha; mafungu yanavimba, na aliyeingia na kidogo anaondoka mtupu mapema. Mlidhani mmeongeza mzaha, kumbe mmeongeza ukubwa wa kamari.

Kuhusu kuliita zawadi: zawadi anaitoa mwenye mali akitaka, na akikataa hakuna wa kumdai. Nyinyi mmoja wenu akikataa kulipa hizo kete 5 mtamtoa chumbani. Hiyo ni mali inayodaiwa kwa sharti la tukio lisilojulikana, na jina zuri haliibadilishi. Ama kuridhiana, aya ya 29 ya Suratun Nisaa imetaja kuridhiana ndani ya biashara, haikusema kila kilichoridhiwa ni halali. Mla riba na mkopaji nao wameridhiana. Katika biashara muuzaji anaondoka na bei na mnunuzi na bidhaa. Mezani hakuna bidhaa. Tena kwenye meza za watu usiowajua, na aghalabu hata kwenye vyumba vya faragha, mwenye programu anakata fungu lake. Makato ya asilimia 5 ni ya kawaida. Chukua mfano: watu sita, kila mmoja ana kete 100, raundi 80 kwa saa, fungu la wastani kete 10. Nusu kete inakatwa kila raundi, kete 40 kila saa. Baada ya saa 15, kama hakuna aliyeongeza, kete zote 600 zimekwenda kwa mwenye programu. Basi ziada yako, ndugu yangu, haikutoka popote ila mifukoni mwa wachezaji wenzako, na wao wamepoteza zaidi ya ulichopata wewe.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba poka hiyo ni kamari, na dau la pembeni ni kamari nyingine juu yake.

Sasa pesa, na naomba usome sehemu hii taratibu, kwani utaratibu ukikosewa utajikuta umerudi mezani.

Usianze kwa kuifuta programu. Kwanza pakua historia ya miamala na ya raundi zako, kwa sababu ndiyo itakayokuambia nani ana haki kwako. Kisha omba kutoa salio lote. Kama kuna bonasi ambayo sharti lake ni kucheza kiasi fulani ndipo ifunguke, iache ipotee. Usicheze hata raundi moja kuifungua. Uhakiki wa kitambulisho unaweza kuchukua siku, na siku hizo ndizo za hatari, kwani programu nyingi hukuruhusu kughairi ombi na kurudisha pesa mezani kwa kubonyeza mara moja. Mpe mtu unayemwamini simu hiyo usiku, au nenosiri la akaunti. Pesa zikishafika, omba akaunti yako ifungwe daima, si yale mapumziko ya saa 24 au ya wiki. Benki au huduma unayolipia ikiwa na njia ya kuzuia malipo ya kamari, iwashe. Ndipo ufute programu na utoke kwenye kundi la wachezaji.

Baada ya hapo gawa hesabu mara mbili.

Za marafiki: wenyewe wanajulikana, na haki hurudi kwa mwenyewe. Mfanyie kila mmoja hesabu yake peke yake. Katika ulichomla toa alichokula kwako, na kilichozidi ni deni lako kwake. Usichanganye: kama umemzidi mmoja kete 300 na mwingine amekuzidi 120, wa kwanza anakudai 300 kamili, si 180. Waambie wazi kwamba unarudisha na kwa nini. Atakayesema baada ya kujua, bila kuona haya wala kushurutishwa, "nimekusamehe", hiyo sasa ni zawadi ya kweli na ni yako. Unayemhofia kwamba atairudisha kwenye kamari, si haramu kumwomba akubali umlipie kwayo deni lake au mahitaji ya nyumba yake. Lakini akikataa, mpe. Ni mali yake.

Za usiowajua: ulichoweka mwenyewe ni chako, kitoe kwenye hesabu. Kilichozidi huna mwenyewe wa kumrudishia, basi kinatolewa kwa mafukara au manufaa ya Waislamu kwa nia ya kujivua nacho, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Kama hesabu kamili haipatikani, kadiria mpaka moyo uone umetoa si chini ya haki. Usikitolee zaka ukadhani kimesafika. Zaka haisafishi mali ya mtu mwingine.

Na ile kodi na dawa? Imamu Nawawi katika kitabu chake al-Majmu' amenukuu kutoka kwa Imamu Ghazali kwamba mwenye mali ya haramu isiyojulikana wenyewe, akiwa yeye mwenyewe ni fakiri, anaweza kujipa yeye na watu wake kiasi cha haja. Umekosa kazi, nyumba inadaiwa, mama anahitaji dawa: sioni kwa nini usiingie humo kwa sehemu iliyotoka kwa usiowajua. Sehemu iliyotoka kwa marafiki imebaki deni, ila mwenye dhiki hupewa muhula. Waandikie kiasi na ulipe kidogo kidogo ukipata. Usikope kwa riba ili ujitakase na kamari. Mama yako hana dhambi wala deni. Amepokea dawa kwa mwanawe, usimtie wasiwasi huo kitandani.

Mke wako mwambie. Sikuambii usimulie kila raundi, lakini ajue kwamba hakukuwa na kazi, kuna hesabu za kurudisha, na miezi ijayo itakuwa ya kubana. Akijua, ndiye atakayekuuliza kwa nini uko macho usiku. Na akilia au akikasirika, mvumilie, amedanganywa.

Kuna jambo moja litakujia, nalo hukuliuliza. Siku kodi itakapokaribia tena, utakumbuka kwamba uliwahi kuzidi, na utajiambia: raundi chache tu za kulipia mwezi huu. Kuzidi kwako kwa miezi michache si mshahara. Mchezo mmoja mbaya wa usiku mmoja unakula faida ya wiki nyingi, na mtu anayehitaji pesa ya kodi hucheza vibaya zaidi kwa sababu hawezi kutupa karata na kusubiri. Mpango uwe tayari kabla ya siku hiyo: zungumza na mwenye nyumba sasa kuhusu kulipa kwa awamu, na waelezee ndugu zako hali ya mama ili dawa zisiwe mzigo wa mtu mmoja. Fakiri ana haki katika zaka; nenda kwa imamu wa msikiti wako useme hali yako, si aibu.

Ama kete za bure: wanazuoni wa Kishafi wametofautisha michezo inayotegemea hesabu na fikra, kama sataranji, ambayo bila dau wameichukia tu, na ile inayotegemea kubahatisha, waliyoiweka upande wa nardi (mchezo wa kurusha dadu) iliyokatazwa katika hadithi ya Burayda kwa Muslim, na karata za kugawiwa kwa bahati wameziweka huko. Wako maulamaa wengine waliokuwa wepesi zaidi kwa mchezo usio na mali na usiopoteza sala. Lakini hukumu ya mtu aliyekwisha zoea si ya mtu mgeni. Wewe na hao watano, meza ile ile, watu wale wale, saa zile zile za usiku: kete za bure zitakaa bure kwa siku chache, kisha mmoja atasema "tuweke kidogo tu kwa ajili ya saba na mbili". Kwako siruhusu, na wenzako waambie hivyo. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amemwamrisha anayemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Hiyo ni kwa neno la kualika tu. Basi kwa kila uliyemwalika mezani toa kitu, hata kidogo, kutoka katika mali yako ya halali.

Wallahu a'lam.