Noti tano zinatosha, mradi ujue pa kutua

Swali lenu la wiki hii linauliza kama muziki wa noti tano tu unaweza kuwa na kina sawa na ule wa noti saba. Najibu kwa raga za Hindustani, muziki wa jadi wa kaskazini mwa India. Raga ni mpangilio wa noti pamoja na mwendo wake wa kuimbwa. Noti saba huitwa Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni, na Sa ndiyo ya msingi.

Raga za noti tano huitwa audava. Chukua Bhupali: Sa, Re, Ga, Pa, Dha. Ma na Ni hazimo. Mwenye kinanda na aanzie kibonyezo cheusi cha kwanza katika kile kikundi cha vitatu, apande kwa vyeusi vitupu. Hiyo ndiyo ngazi ya Bhupali. Kisha Sa yake iwe cheusi cha mwisho cha kikundi hichohicho: atapata ngazi ya Malkauns, raga nzito ya usiku wa manane. Vibonyezo havijabadilika, ila Sa imehama.

Hilo bado ni dogo. Kinachonishangaza zaidi kila nikisikiliza ni Deshkar. Noti zake ni zilezile za Bhupali, na Sa ni ileile, wala haihamishwi. Hata hivyo ni raga mbili mbalimbali. Bhupali huimbwa usiku unapoanza, na vadi yake, yaani noti inayotawala, ni Ga. Sauti hushuka Dha, Pa, Ga, ikatua hapo, ikakaa, ndipo ikaenda Re na Sa. Mambo yake mengi yako nusu ya chini ya ngazi. Deshkar ni ya asubuhi. Hukimbilia juu mapema, hukaa kwenye Dha karibu na Sa ya juu, na Re huguswa tu njiani. Mwimbaji wa Deshkar akijisahau akang'ang'ania Ga, msikilizaji mzoefu atasikia Bhupali imeingia.

Vishnu Narayan Bhatkhande (1860–1936), aliyezipanga raga katika makundi kumi yaitwayo thaat, aliiweka Bhupali kwenye Kalyan na Deshkar kwenye Bilawal. Makundi hayo mawili hutofautiana kwa Ma: ya Kalyan imepandishwa, ya Bilawal ni ya kawaida. Na raga zetu mbili hazina Ma kabisa! Basi ukihesabu noti hutajua kundi. Utalijua kwa mwendo.

Uchache huo unambana mwimbaji kwelikweli. Kati ya Ga na Pa pana pengo, kati ya Dha na Sa pana jingine, na namna anavyoliteleza kila moja inasikika waziwazi. Hata tanpura, ala ya nyuzi inayovuma nyuma ya mwimbaji, huathirika: kwa kuwa Malkauns haina Pa, uzi ambao kwa kawaida hukazwa kwenye Pa hukazwa kwenye Ma.

Anayetaka kuanza, asikilize alap ya Bhupali, sehemu ya mwanzo isiyo na tabla (ngoma), kisha ya Deshkar, huku akifuata jambo moja tu: sauti inatua wapi.