Kabla ya Kuilaumu Seva: Amri ya UPDATE Inapochelewa katika PostgreSQL

Mwanzoni mwa kazi yangu nilipewa jukumu la kubadilisha namba za simu za wateja ili zianze na 255 badala ya sifuri, katika jedwali lenye rekodi zipatazo milioni 2. Niliandika amri moja ya UPDATE, yaani ya kubadilisha data, isiyo na WHERE (sharti la kuchagua rekodi), nikaiendesha saa nne asubuhi, na makarani waliokuwa wakisahihisha taarifa za wateja wakabaki wanatazama skrini zilizoganda, kwa sababu kila rekodi niliyoigusa ilifungwa hadi amri nzima ikamilike.

Ninyi mnaoanza, tambueni kwamba PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, haifuti na kuandika palepale. Huandika nakala mpya ya rekodi nzima na kuiacha ya zamani ikiwa mfu hadi VACUUM, amri ya usafishaji, ipite, na mara nyingi kila indeksi ya jedwali (orodha ya kuharakisha utafutaji) hulazimika kuongezewa anwani ya nakala hiyo. Ndiyo maana indeksi inayoharakisha kutafuta huweza kuchelewesha kuandika. Tangu toleo la 8.3 indeksi huachwa bila kuguswa iwapo safu zinazobadilishwa hazimo katika indeksi yoyote ya jedwali na ukurasa uleule, yaani kipande cha hifadhi cha kilobaiti 8, una nafasi. Kwa jedwali linalobadilishwa mara kwa mara, kushusha fillfactor, yaani asilimia ya ukurasa inayojazwa rekodi, kutoka 100 hadi 90 hutoa nafasi hiyo.

Niliporudia kazi ile niliigawa katika mafungu:

UPDATE wateja SET simu = '255' || substr(simu, 2) WHERE id BETWEEN 1 AND 10000 AND simu LIKE '0%';

Sharti la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwani bila hilo hata namba iliyokwisha kuwa sahihi ingeandikwa tena, tena vibaya. Kila fungu nililifunga kwa COMMIT, amri ya kuthibitisha mabadiliko, kabla ya kuanza jingine, na makarani waliendelea na kazi zao.

Fungu moja likichelewa, tumieni EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha hatua za amri na muda wake, lakini tafadhali itangulizeni BEGIN (kuanzisha muamala) na kuimalizia kwa ROLLBACK (kutengua mabadiliko), maana huitekeleza amri kwelikweli. Mkiona Seq Scan, yaani usomaji wa jedwali zima, kwenye jedwali kubwa huku mkitafuta rekodi chache, kagueni WHERE: anayeandika lower(barua_pepe), inayogeuza herufi kuwa ndogo, hasaidiwi na indeksi ya kawaida ya barua_pepe.

Mkimaliza, endesheni VACUUM ANALYZE wenyewe, kwa kuwa kwa mpangilio wa awali usafishaji wa kujiendesha husubiri rekodi mfu zifikie takriban asilimia 20 ya jedwali.