"Way" ndiyo "kinoma" ya Kiingereza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, juzi bosi kaniambia niandike ripoti fupi kwa Kiingereza ya kulinganisha masapulaya wawili wa saruji, nikaandika "Supplier B is way cheaper" halafu chini "their service is very better", ikarudi imechorwa nyekundu kote kuwili. Hiyo ya pili sawa, nakubali, ila "way" mbona kwenye muvi wanaisema kila dakika? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Ngoja nianze na hiyo uliyoikubali, maana ndo kosa lenyewe. "Very" inakaa na "good", kwa "better" haikai hata uibembeleze. Inatuponyoka kwa sababu Kiswahili hakigusi sifa yenyewe, nzuri inabaki nzuri, unaongeza "kuliko" au "zaidi" basi yameisha, kwa hiyo "sana" tunaibandika popote. Na "more better" inazaliwa hapohapo, mtu kaitafsiri "bora zaidi" neno kwa neno. (Shakespeare naye aliandika hivyo, ila enzi zake ilipita, we utachorwa tena.)

Sasa "way". Sarufi yake haina kasoro, shida ni mahali ulipoiweka. Ichukulie kama "kinoma" ya kwetu: kijiweni unasema "jamaa bei zao nafuu kinoma" na kila mtu anakuelewa, ila barua ya kwa mkurugenzi huwezi kuiandika hivyo. "Loads cheaper" nayo ni hukohuko kijiweni. "A lot cheaper" ina afadhali, ukimtumia imeili mtu mliyezoeana haina neno. Ripoti inataka "considerably cheaper" au "substantially cheaper", yaani ile "kwa kiasi kikubwa" yetu. Ukibabaika shika "much" au "far", hizo zinaingia kote, mi binafsi naipenda "far", fupi na haijikwezi. Tofauti ikiwa ndogo, mdomoni sema "a bit cheaper", kwenye karatasi "slightly cheaper".

Ila kuna "significantly", hii watu wanaipenda kweli wakitaka kuonekana wasomi. Kwenye utafiti ina maana yake ya kitakwimu, mwanafunzi akiandika "significantly higher" kwenye tasnifu, msimamizi anategemea kuna hesabu imepigwa kuonyesha hiyo tofauti haikutokea kwa bahati tu, sasa kama hujapiga utajibu nini? Kwenye saruji hakuna atakayekubana hivyo, lakini kama bei unazo si uweke namba tu, "500 shillings cheaper per bag", hapo bosi hana pa kuchora.

Na kwa kuwa ni saruji, mtego mwingine huu hapa: mifuko inahesabika, saruji yenyewe haihesabiki, kwa hiyo ni "many more bags" ila "much more cement". "Far more" inabeba zote mbili, unaona kwa nini naipenda.

Sentensi yako basi irudishe hivi: "Supplier B is considerably cheaper, and their service is much better." Ile ya "way" mtumie mshikaji wako kwenye meseji.