Tawi Lenu Lifungue Grupu Rasmi? Fungueni, Ila Kikao Kibaki Palepale

Makatibu wenzangu wa matawi ya mashabiki wa klabu ya soka ya Simba wananiuliza jambo hili mara kwa mara, hasa ligi inapokaribia kuanza: je, tawi lifungue grupu lake rasmi la WhatsApp, au tuendelee na vikao na kupigiana simu kama ilivyokuwa? Mimi ni katibu wa tawi hapa Morogoro, grupu tunalo, na jibu langu ni kwamba lifungueni. Ila mjue kuwa siku mtakayoweka nembo ya tawi kwenye picha ya grupu, kila litakaloandikwa mle litahesabiwa limesemwa na tawi. Mwanachama akitukana, ni tawi limetukana. Mtu akileta tangazo la uongo likakaa saa mbili bila kuguswa, ni tawi limetangaza uongo. Huo ndio uzito wa neno "rasmi", na ndio unaopaswa kuwakalisha chini kabla hamjabonyeza chochote.

Wapo viongozi wanaosema hawataki grupu kwa sababu litaleta majungu. Nawaelewa, lakini majungu tayari yapo. Tawi lenu likiwa na vijana wenye simu janja, basi magrupu mnayo matatu au manne hivi sasa, yamefunguliwa na mtu mmoja mmoja, na katibu hayumo hata kwenye moja. Humo ndimo watu wanamojadili usafiri, tiketi na tetesi za usajili. Mkikataa kufungua la kwenu, watu hawataacha kuchati. Wataendelea kupata habari za tawi kutoka kwa mtu ambaye tawi halimjui.

Nitoe mfano wa siku ambayo kila shabiki wa nchi hii anaikumbuka. Tarehe 8 Machi 2025 ilikuwa siku ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar. Usiku wa kuamkia siku hiyo klabu yetu ikatoa taarifa kwamba haitashiriki mchezo, baada ya timu kuzuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi. Asubuhi kukawa na vurugu ya habari. Wenzetu wa Jangwani, yaani Yanga, wanasema wao wanakwenda uwanjani. Huyu anasema mechi ipo, yule anasema haipo, na mwingine akaleta tangazo la kubadilishwa muda wa mechi kutoka saa 11 jioni kwenda saa 1 usiku. Lile tangazo lilikuwa la kweli, tatizo lilikuwa la tarehe 8 Mei 2021, ile dabi nyingine ambayo haikuchezwa siku yake. Mtu alikata sehemu yenye tarehe akalirusha, nalo likazunguka Morogoro nzima kama habari ya saa ile.

Sisi wakati huo tulikuwa na watu wa aina tatu: waliokwishafika Dar jana yake kwa treni, waliokuwa kwenye Costa barabarani, na waliokuwa bado nyumbani wanavaa jezi. Tulichoandika kwenye upande wa matangazo ninacho mpaka leo: "Ndugu wanachama, sasa ni saa 5:40 asubuhi. Bodi ya Ligi haijatoa tamko lolote ambalo sisi tumeliona. Aliye nyumbani asipande gari. Walio kwenye Costa wasimame Chalinze wale, wasubiri. Lile tangazo la saa 1 usiku ni la mwaka 2021, msilisambaze. Tutaandika tena saa 7:00 hata kama hakuna jipya." Na saa 7 tukaandika tena. Bodi ilipotangaza siku hiyo hiyo kuwa mechi imeahirishwa, watu wetu wa barabarani hawakuwa wamechoma mafuta ya safari nzima, na waliobaki nyumbani walikuwa hawajatoa hata nauli.

Nawaomba mwangalie vizuri kilichofanya kazi pale. Kilichosaidia ni watu kuwa na mahali pamoja wanapopaamini, na mtu aliyepewa jukumu la kuandika saa iliyotajwa. Grupu la wazi lenye watu mia wanaoandika kwa wakati mmoja lisingeweza kufanya kazi ile, maana ujumbe wa Chalinze ungefukiwa na voisi noti na stika ndani ya dakika mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa vitendo ni kutenganisha matangazo na soga. WhatsApp tangu mwishoni mwa 2022 ina kitu kinachoitwa Jumuiya: panakuwa na sehemu ya matangazo ambayo viongozi pekee ndio wanaandika, halafu chini yake magrupu ya mazungumzo ambayo mtu anaingia kwa hiari yake. Mzee ambaye hataki kelele anabaki kwenye matangazo tu. Kijana anayetaka kubishana kuhusu nani aanze namba 6 anakwenda kwenye soga. Grupu moja siku hizi linabeba watu 1,024, na Telegram inafika 200,000, lakini msihangaike na namba hizo. Tawi haliishiwi nafasi, linaishiwa watu wa kulichunga.

Hapo kwenye kuchunga ndipo matawi mengi yanapokwama. Watu wanateua admini mmoja, mara nyingi yule kijana aliyefungua grupu, halafu wanamwachia. Admini ni mtu ana kazi, analala, bando linaisha. Sisi tunao wanne na wana zamu, na siku ya mechi wawili wanakuwa macho hadi usiku. Kama hampati watu watatu walio tayari kukaa macho baada ya kufungwa, msifungue grupu la soga kwanza. Fungueni la matangazo peke yake, au chaneli, mtulie nayo msimu mmoja. Si aibu.

Usiku wa kufungwa una mambo yake. Dabi ile ilipokuja kuchezwa tarehe 25 Juni 2025 tukapoteza 2-0, na ubingwa ukaondoka. Kipyenga kilipolia tu, admini wa zamu akaifunga soga, viongozi pekee wakabaki na uwezo wa kutuma, na akaandika kuwa itafunguliwa saa 2 asubuhi. Wapo waliokasirika wakasema tunawaziba midomo. Lakini nimeshuhudia katika grupu la jirani maneno ya usiku kama ule yakimtaja mchezaji, mama yake na kabila lake, na asubuhi skrini-shoti zikawa zinazunguka na jina la tawi likiwa juu kabisa. Hasira ya shabiki ni ya haki, nami ninayo pia. Kulala nayo usiku mmoja hakumdhulumu mtu. Na ikumbukwe Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo na uonevu wa mtandaoni, na haimsamehe mtu kwa sababu aliandika akiwa na uchungu wa mechi.

Jambo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni namba za simu, hasa za akina dada. Ukimweka mtu kwenye grupu la kawaida, namba yake inaonekana na kila aliyemo, pamoja na wale ambao hajawahi kukutana nao uso kwa uso. Katika tawi letu dada mmoja, mwanachama hai anayelipa ada na kusafiri na timu, alianza kutumiwa jumbe usiku na mtu aliyechukua namba yake mle ndani. Alikuja kuniambia kwamba anataka kujitoa, si kwenye grupu tu, bali kwenye tawi. Tulimtoa yule bwana siku hiyo hiyo na tukamwita kikaoni kujibu mbele ya wenzake. Tangu hapo hatumwingizi mtu bila ridhaa yake. Tunamtumia kiungo, tunamweleza kuwa kwenye soga namba itaonekana, na kwenye matangazo wanachama wenzake hawataiona. Akitaka anaingia, asipotaka anabaki kwenye matangazo na haki zake za uanachama ni zilezile. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, dada anayekuja kushangilia timu yake hapaswi kulipa kwa kukosa usingizi. Viongozi wanaume, msisubiri mletewe malalamiko. Wekeni dada mmoja kati ya maadmini, kuna mambo ambayo mimi nisingeambiwa kamwe.

Pesa nitazisema kwa kifupi. Tawi liwe na lipa namba yenye jina la tawi, itangazwe kikaoni na ibandikwe kwenye maelezo ya grupu, basi. Mtu yeyote anayeandika "tuma kwenye namba hii" na jina linalotokea ni la mtu binafsi, ni tapeli hata kama picha yake ina nembo yetu. Na mikeka ya kubeti, biashara za sabuni na matangazo ya mikopo viondolewe siku ya kwanza, maana ukiacha kimoja umeruhusu vyote.

Sasa nije kwenye upande ambao unanifanya niwaandikie kwa urefu huu. Grupu likishazoeleka, linaanza kula kikao. Haliji kwa nia mbaya. Mtu anauliza jambo usiku, kumi wanajibu, wa kumi na moja anasema "basi tumekubaliana", na asubuhi tawi limefanya uamuzi ambao nusu ya wanachama hawaujui. Kwetu kulikuwa na pendekezo la kumpigia kura mwenyekiti kwa ile kura ya kubonyeza ndani ya grupu. Lilionekana jepesi na la kisasa. Tukalikataa, kwa sababu tunao wazee wenye viswaswadu, simu za vitufe zisizo na WhatsApp, tunao mama lishe ambao simu ya familia anakaa nayo mtoto, na tunao wanachama ambao bando wananunua mara moja kwa wiki. Hao wanalipa ada sawa na wengine. Uamuzi unaofanyika mahali wasipofika unawafanya wageni kwenye tawi walilolijenga wao.

Yupo mzee mmoja ambaye kila akisimama kikaoni tunanyamaza. Alikuwepo uwanjani Dar mwaka 1993 Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Ivory Coast, baada ya kutoka suluhu kule Abidjan. Anavyosimulia jinsi watu walivyojaa tangu asubuhi wakijua kombe linabaki nyumbani, na jinsi uwanja ulivyokuwa baada ya yale mabao mawili ya wageni, unajifunza kuipenda timu kwa namna ambayo hakuna video itakufundisha. Kijana mmoja alijaribu kumrekodi akaiweka sauti ile kwenye soga. Ilikuwa ndefu, watu wachache waliisikiliza, na jioni ilikuwa imefukiwa chini ya mamia ya jumbe za tetesi za usajili. Wiki iliyofuata tulimwomba mzee arudie kikaoni, taratibu, na naibu katibu akaandika kila kitu kwenye kaunta buku. Ukurasa ule upo. Mwanachama anayejiunga leo ninampa akae nao ausome.

Kwa hiyo kwetu utaratibu ni huu, na sijaona tawi lililouvunja likabaki salama: grupu linabeba ya leo, kikao na kitabu vinabeba ya kudumu. Usafiri, tiketi, saa ya kukutana, taarifa ya msiba, na ubishi wa mpira, vyote grupuni. Uchaguzi, mapato na matumizi, kumsimamisha mwanachama, na jambo lolote ambalo mtu atauliza baada ya mwaka "nani aliamua?", kikaoni, na muhtasari unasomwa kisha unabandikwa kwenye ubao wa tawi pamoja na kwenye matangazo. Mjadala ukipamba moto kwenye soga kuhusu mambo ya aina ya pili, admini anaandika sentensi moja tu: "Hili limeingia kwenye ajenda ya Jumapili." Mara za mwanzo watu watanung'unika. Wakiona kweli Jumapili limejadiliwa na majibu yametoka, wanazoea, na mahudhurio ya kikao yanapanda, kwa sababu grupu limekuwa linawaleta watu kikaoni badala ya kuwabakiza nyumbani.

Kanuni ziandikeni fupi, ziingie kwenye skrini moja bila kushusha kidole. Mwenye kuondolewa aambiwe sababu na apewe nafasi ya kujieleza kikaoni, kwa kuwa kutolewa kwenye grupu rasmi ni adhabu kweli, hasa kwa mtu aliyehama mji ambaye hiyo ndiyo njia pekee iliyombakiza na wenzake. Tunaye kijana wetu aliyekwenda Muscat kikazi, na kwake soga ya siku ya mechi ndiyo jukwaa lake la uwanjani.

Na mapema kabisa, kabla hata hamjachagua picha, amueni laini ya grupu ni ya nani. Inunuliwe kwa fedha ya tawi, simu ikae na katibu aliyepo madarakani, na iandikwe kwenye orodha ya mali za tawi pamoja na mhuri, bendera na ngoma. Admini mkuu akiwa ni laini binafsi ya mtu, siku akigombana na mwenyekiti ataondoka na grupu zima, na grupu likikosa admini, WhatsApp humteua mtu yeyote aliyemo bila kuwauliza. Sisi katibu akimaliza muda wake tunakabidhiana mbele ya kikao: daftari, mhuri, funguo za ofisi, simu ile pamoja na namba yake ya siri, na wote wawili wanasaini.